Panya Wanne na Sanduku la Baridi

Majira yale ya baridi, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla hata ya kutia kitu mdomoni, Delphine Thibodeau alivaa koti la zamani la mama yake, akaingiza miguu kwenye viatu vya theluji na kuvuka barabara kwenda kwa bibi yake. Hakubisha hodi. Bibi Alphonsine alikuwa ameshaamka kitambo, moto unawaka ndani ya jiko la kuni, na kahawa inachemka.

"Wapangaji wangu wameamkaje?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo naenda kuwaangalia. Usinisemeshe kwanza, Bibi, nisije nikapoteza hesabu."

"Mimi? Mbona sijafungua mdomo."

Wapangaji hao walikuwa panya wanne, majike watupu, weupe kama unga. Panya hao walinunuliwa katika duka la wanyama wa kufugwa, na sasa waliishi katika chumba cha nyuma cha Bibi, ambako joto la jiko halikufika sana. Kulikuwa na masanduku mawili ya plastiki angavu, yameunganishwa kwa bomba fupi lenye upana wa kupitisha yai. Sanduku la kushoto lilikaa juu ya mkeka wa umeme, na kipimajoto chake kilisoma nyuzi thelathini. La kulia halikuwekewa kitu chini, nalo lilisoma nyuzi ishirini na moja. Ndani ya yote mawili kulikuwa na maranda, maji na chakula, sawa kwa sawa.

Delphine aliinama, akahesabu bila kugusa. Wote wanne walikuwa upande wa kushoto, wamejinyoosha kama watu waliolala kochini. Aliandika katika daftari: *Joto 4, Baridi 0.* Kisha alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akavua nguo zote za chumba kile, akavaa nyingine. Hapo ndipo aliporuhusiwa kurudi nyumbani.

Sheria hiyo ya kunawa na kubadili nguo ilitoka kwa baba yake. Rémi Thibodeau alikuwa mtunza panya katika maabara kubwa iliyokuwa nje kidogo ya mji wao, kwenye pwani ya Maine. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kubadilisha maranda, kujaza maji, kuwatazama panya mmoja mmoja na kumwambia daktari ni yupi hayuko sawa. Panya wa maabara hulindwa na maradhi kama watoto wachanga. Mtu anayewahudumia haruhusiwi kugusa panya wengine wa mitaani wala wa dukani, asije akawapelekea ugonjwa. Ndiyo maana wapangaji walikaa kwa Bibi, na Baba hakukanyaga nyumba ya mama yake mzazi tangu walipohamia.

"Mwanangu mwenyewe ananipungia mkono kutoka barabarani kama mgeni," Bibi alilalamika kwa mzaha. "Kisa panya."

Habari yote ilianza mezani, jioni moja mwezi wa kwanza, walipokuwa wakila maharage ya kuoka. Baba alisema kwamba vyumba vya panya kazini kwake viko katika nyuzi ishirini na mbili, kiangazi na kipupwe.

"Kwangu mimi ni sawa kabisa," alisema. "Nimevaa vazi la kazi, kofia, barakoa, glavu. Wangeongeza joto kidogo ningelowa jasho. Lakini wale panya nawaona wanavyorundikana. Wanabanana pembeni, mmoja juu ya mwenzake, na wanakula utadhani kesho hakuna chakula."

"Nani alichagua hiyo ishirini na mbili?" Delphine aliuliza.

"Watu."

"Panya hawakuulizwa?"

Baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Lakini siku iliyofuata, Mwalimu Alley alipowataka wanafunzi wa darasa la sita wachague swali la Siku ya Sayansi, Delphine alikuwa na lake tayari.

Bomba alipewa na Wyatt Beal, jirani yake darasani, ambaye baba yake alikuwa mvuvi wa kambakoche na banda lake halikukosa kitu. Wyatt alimletea akiwa amelifunga kwenye gazeti.

"Shika, Profesa," alisema. "Wakikuambia wanataka na televisheni, usije kwangu."

"Swali lako wewe ni lipi?"

"Chambo kipi kinanuka zaidi. Mama amenihamishia uani."

Mwalimu Alley aliupenda mpango wa Delphine, ila alimpa masharti. Ahesabu mara tatu kwa siku, kwa saa zile zile: asubuhi, alasiri akitoka shule, na saa moja jioni. Afanye hivyo siku kumi na nne. Asifungue masanduku ila siku ya usafi, yaani jioni ya siku ya kumi, kwa sababu panya aliyesumbuliwa hakai anapotaka, hukaa anapokimbilia.

Siku nane za kwanza zilimfurahisha Delphine kuliko alivyotarajia. Asubuhi na alasiri, panya walipokuwa wamelala, karibu wote walikuwa kwenye joto. Jioni mambo yalibadilika. Giza likiingia waliamka, wakapanda na kushuka, wakapita bombani mbio, wawili huku na wawili kule, wakati mwingine watatu upande wa baridi. Alipokaa kimya kwenye kigoda akiwatazama, alianza kuwatofautisha. Mmoja, mnene kuliko wenzake, alimwita Zuzu. Zuzu alikuwa wa mwisho kuamka na wa kwanza kufika kwenye chakula.

"Kwa nini jioni hawajali baridi, Bibi?"

"Wewe ukicheza kwenye theluji si unafungua koti? Ukilala ndiyo unataka blanketi."

Delphine aliandika maneno hayo pembeni mwa ukurasa.

Asubuhi ya siku ya tisa aliingia chumba cha nyuma, akainama, na hakuona panya hata mmoja upande wa joto. Moyo ulimruka. Alitazama upande wa baridi. Katika pembe kulikuwa na rundo jeupe, la mviringo, limefunikwa juu kama chungu kilichowekwa kifuniko. Rundo likatikisika, na pua ya Zuzu ikatokeza.

"Bibi, nani amefungua sanduku?"

Bibi Alphonsine alikuja akijifuta mikono kwa aproni. Hakuwa na uso wa mtu aliyekosa.

"Mimi. Jana usiku upepo ulivuma, nikawasikia wakichakura upande ule wa baridi, nikawahurumia. Nimewawekea tishu chache. Safi, za kwenye boksi. Tazama walivyozichana vizuri, utadhani walisomea."

"Bibi, umeniharibia jaribio."

"Nimewapa tishu, mama. Sijawapa sumu."

Delphine aliandika kilichokuwepo: *Joto 0, Baridi 4.* Alasiri ilikuwa hivyo hivyo, wote wanne ndani ya rundo. Jioni walitawanyika kama kawaida, mmoja kwenye joto, watatu kwenye baridi. Siku ya kumi nayo ikawa vile vile. Jioni hiyo, ilipofika saa ya usafi, alitoa tishu zote, akatia maranda mapya, na siku ya kumi na moja panya wakarudi kulala kwenye joto kama vile hakuna kilichotokea.

Lakini daftari lilikuwa na ile mistari sita. Usiku wa kuamkia Siku ya Sayansi Delphine aliketi kuchora chati yake, na mistari ile ilimkera kama kokoto ndani ya kiatu. Chati ilitakiwa kusema kitu kimoja wazi: panya wanataka joto. Baba yake alikuwa akisema jambo hilo kazini mwaka mzima, na wenzake wanamjibu, "Rémi, panya ana manyoya." Kesho daktari wa wanyama wa maabara angekuja shuleni kutazama kazi za wanafunzi. Daktari akiona mistari ile angesema nini? Angesema panya hawajui wanachotaka.

Halafu si uongo hasa, alijiambia. Kama Bibi asingewaingilia, wangelala kwenye joto. Naandika tu ambacho kingekuwepo.

Alichukua ufutio. Katika mistari yote sita alifuta, akapuliza vumbi, akaandika: *Joto 4, Baridi 0.*

Siku ya Sayansi ukumbi wa shule ulijaa watu na harufu ya chambo cha Wyatt, ingawa kilikuwa kimefungwa ndani ya chupa tatu. Baba alikuja amevaa shati lake la kanisani. Alisimama kando ya meza ya Delphine, mikono nyuma, asijue pa kuiweka furaha yake.

Daktari Ingrid Sohlberg alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Aliisoma chati polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Kazi nzuri," alisema. "Na hii ya jioni umeiona mwenyewe? Kwamba wakiwa macho hawajali baridi?"

"Ndiyo, Daktari. Bibi alisema ni kama mtu anayecheza kwenye theluji."

"Bibi yako yuko sahihi. Wanasayansi wengi wamewapimia panya jambo hili, na jibu lako linafanana na lao." Kidole chake kikasimama. "Ila hapa pananishangaza. Siku ya tisa na ya kumi, hata saa moja jioni, wote wanne wamekaa kwenye joto. Hakuna aliyetoka. Siku nyingine zote wanatembea, siku hizi mbili wamejikunyata. Walikuwa na nini?"

Delphine alihisi masikio yakimwaka. Alikuwa amesahau jioni. Alipobadilisha tarakimu alibadilisha zote kwa mkupuo, akasahau kwamba jioni panya wake hawajapata kutulia hata siku moja. Daktari hakuwa akimshuku. Alikuwa akiuliza tu, kama mtu anayetaka kujua, na Baba naye aliinama kutazama.

"Walikuwa wanaumwa," Delphine alisema. "Nadhani mafua. Walikuwa wanapiga chafya."

Daktari Sohlberg aliivua miwani. "Chafya? Wote wanne?"

"Ndiyo. Kidogo. Wamepona sasa."

Daktari alimgeukia Baba. Sauti yake ilibaki ya upole, lakini haikuwa tena ya mtu anayetazama kazi za watoto. "Rémi, Delphine analala nyumbani kwako?"

"Analala kwangu. Lakini hunawa, hubadili nguo, kila siku. Mimi sijakanyaga kule."

"Najua, na nakuamini. Lakini panya wanne wakipiga chafya pamoja, siwezi kubahatisha. Usiingie kwenye vyumba mpaka nikuambie. Jumatatu nitatafuta wa kushika zamu yako."

"Sawa, Daktari," Baba alisema. "Sheria ni sheria."

Njiani kurudi nyumbani hakumlaumu Delphine hata kwa neno. Aliendesha gari taratibu kwenye barafu, akasema, "Maskini, hata hukuniambia kama wanaumwa. Ungeniambia tungewaitia daktari." Delphine aligeuza uso dirishani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake haikuwa imevuka hata mlango wa ukumbi.

Jumamosi na Jumapili zilipita. Mama yake, ambaye alikuwa muuguzi na alijua kuutazama uso wa mtu, alimuuliza mara mbili kama tumbo linamuuma. Jumatatu Delphine aliporudi kutoka shuleni alimkuta Baba juu ya paa la banda la kuni akiondoa theluji. Paa hilo alikuwa ameliondolea theluji jana yake. Simu ikalia mfukoni mwake, akashuka ngazi akiongea na mtu aliyeshika zamu yake.

"Kizimba cha pembeni, safu ya tatu. Ndiyo, huyo. Usimbadilishie maranda leo, Gaston, amezaa juzi. Ukimshtua atawaacha wanawe... Hapana, mpe karatasi za kiota, umwachie mwenyewe apange... Basi nipigie kesho uniambie." Alikata simu, akabaki ameishika, akiitazama kama dirisha lililofungwa.

Delphine aliweka mkoba wake chini, kwenye theluji.

"Baba, hawakuwa wagonjwa."

"Nani?"

"Panya. Hawakupiga chafya. Nilidanganya."

Baba alimtazama. "Hata chafya moja?"

"Hata moja. Bibi aliwawekea tishu upande wa baridi, wakajenga kiota, wakalala humo siku mbili. Nilifuta nikaandika kwamba walikuwa kwenye joto. Nilitaka wakuamini kazini. Halafu Daktari aliponiuliza, sikujua niseme nini, ndiyo nikasema mafua."

Alisubiri kugombezwa. Baba alivua glavu zake, moja baada ya nyingine, akazikung'uta theluji.

"Siku tatu nimekaa nikijiuliza kama ni mimi niliyewapelekea ugonjwa," alisema. "Nimewahesabu akilini wale panya wangu wote, mmoja mmoja, nikitafuta aliyekuwa na macho mazito." Alizitia glavu mfukoni. "Ulinitakia mema. Lakini hukunitakia mema kwa njia nzuri. Chukua daftari lako. Daktari yuko ofisini mpaka saa kumi na moja. Utamwambia wewe mwenyewe. Mimi nitaendesha gari tu."

Ofisi ya Daktari Sohlberg ilikuwa katika jengo la mbele, mbali na vyumba vya panya. Delphine aliongea akiwa amesimama, na aliongea yote: tishu, ufutio, chafya. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Leo asubuhi nimepiga simu tano kwa sababu ya mafua hayo," alisema. "Watu wawili wamefanya kazi ya baba yako juu ya kazi zao."

"Samahani, Daktari. Sasa Baba anaweza kurudi?"

"Siwezi kumrudisha kwa neno lako, Delphine. Neno lako ndilo lililomtoa." Alilisema bila ukali, na kwa hiyo likauma zaidi. "Utakusanya kinyesi cha panya wako kwenye kichupa nitakachokupa, kitapimwa. Majibu yakiwa safi, atarudi."

Delphine aliitikia kwa kichwa. Alidhani yamekwisha, akageuka aondoke, lakini Daktari alinyoosha mkono.

"Hebu daftari."

Aliufungua ukurasa wa siku ya tisa, akauinua kwenye taa, akauinamisha hivi na hivi. Penseli ilikuwa imefutika, lakini Delphine alikuwa na mkono mzito, na tarakimu za kwanza zilikuwa zimeacha mikwaruzo kwenye karatasi. Daktari alizisoma kwa sauti. "Sifuri, nne. Sifuri, nne. Moja, tatu." Alifungua ukurasa wa siku ya kumi, akasoma tena. Kisha aliketi.

"Unajua ulichofuta hapa?"

"Kosa la Bibi."

"Ulifuta mstari mzuri kuliko yote katika daftari zima. Njoo uone. Upande wa joto una nyuzi ngapi?"

"Thelathini."

"Na upande wa baridi?"

"Ishirini na moja. Lakini..." Delphine alisita. Alikumbuka lile rundo lenye kifuniko. "Lakini ndani ya kiota sikupima."

"Hukupima. Panya wanne wamebanana ndani ya karatasi laini, na juu wamejifunika. Unadhani humo mlikuwa na nyuzi ishirini na moja?"

"Hapana. Mlikuwa na joto." Maneno yalianza kumtoka kwa kasi. "Kwa hiyo hawakwenda kwenye baridi. Walijitengenezea joto lao hukohuko kwenye baridi. Lakini kwa nini wasizibebe tishu kwenye joto, wakapata vyote viwili?"

"Sijui," Daktari alisema. "Labda walitaka joto wanaloweza kulipunguza. Kwenye kiota, ukiona joto limezidi unatoa kichwa nje. Kwenye sanduku lako la joto, kulipunguza ni mpaka uhame kabisa. Lakini nabahatisha tu, na siku mbili ni chache mno. Rémi, mwaka mzima unaniambia tuongeze joto vyumbani, nami nakujibu kwamba watu watazimia ndani ya yale mavazi. Kumbe tungeweza kukiacha chumba kama kilivyo, tukampa kila panya karatasi za kutosha."

Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijikuna kidevu. "Tunawapa karatasi, Daktari. Ila kiganja kimoja tu. Hazitoshi kufunika juu. Nimeziona, zinabaki kama sahani."

"Basi tujaribu viganja viwili, na tupime chakula wanachokula."

Siku iliyofuata Delphine alisimama mbele ya darasa, akalieleza jambo lile. Mwalimu Alley aliishusha chati yake ukutani, akampa karatasi mpya na wiki tatu nyingine. Wyatt alimngojea mlangoni.

"Yaani umedanganya kuhusu chafya za panya," alisema. "Katika uongo wote uliopo duniani."

"Nyamaza."

"Nanyamaza. Unataka bomba lingine? Ukitaka masanduku matatu, lipo refu."

Majibu ya maabara yalifika Alhamisi. Panya walikuwa wazima. Ijumaa Baba aliamka mapema kuliko siku zote, akatoka akipiga mluzi. Jioni alileta habari kwamba yule mama wa safu ya tatu hakuwaacha wanawe.

Jaribio la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Wiki moja tishu ziliwekwa upande wa baridi, wiki moja upande wa joto, wiki moja pande zote mbili. Bibi aliruhusiwa kuzihesabu, lakini hakuruhusiwa kuongeza hata moja. Matokeo hayakunyooka. Kiota kikiwa upande wa baridi, panya watatu walilala humo siku nyingi, lakini Zuzu mara kwa mara aliwaacha wenzake akaenda kujinyoosha peke yake kwenye joto. Wiki ya pande zote mbili walihamisha tishu kupita bombani, wakaleta, wakarudisha, na Delphine hakuelewa walikuwa wakifuata nini. Aliandika yote. Aliandika hata asubuhi moja alipochelewa kuamka, na mahali pa tarakimu akaweka mstari mtupu na neno *nililala.*

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, barafu ilipoanza kudondoka matone kwenye mapaa, walirudi ofisini kwa Daktari Sohlberg. Alisoma kurasa zote. Katika vyumba viwili ambamo panya walipewa karatasi za ziada, alisema, viota vilikuwa vimefungwa juu, na chakula kilichotumika kilikuwa kimepungua kidogo kila wiki. Ilikuwa mapema mno kusema zaidi ya hapo.

"Huyu Zuzu lakini ameniharibia," Delphine alisema. "Bila yeye jibu lingekuwa moja."

"Bila yeye jibu lingekuwa fupi," Daktari alimjibu. Aliweka kidole kwenye neno *nililala*, akatabasamu. "Nikuambie kitu, Delphine. Huu ndio mstari unaonifanya niiamini mingine yote. Kila mtu hukosea hesabu, na kosa la hesabu hurekebishwa kwa kuhesabu tena. Lakini ukibadilisha jibu ili lifanane na unalotaka, hakuna anayejua aanzie wapi kurekebisha, kwa sababu hajui pa kukuamini. Panya hawawezi kuja hapa wakanieleza wanaishije. Wewe na baba yako ndio mdomo wao. Mdomo huo ukisema kweli hata pale inapokera, wataishi vizuri zaidi."

"Na kosa likitokea," Baba aliongeza, "liseme lingali dogo. La kwanza lilikuwa la penseli. Ulipolificha likaota miguu, likaja mpaka kazini kwangu."

"Nimesikia, Baba. Nimesikia, Daktari."

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali juu ya theluji iliyobaki, na Delphine alifungua vifungo vya koti bila kujua. Alikuwa tayari na swali lingine kichwani.

"Baba, hawa wetu wote ni majike. Madume nao wanapenda nyuzi zile zile?"

"Madume ukiwaweka pamoja hupigana."

"Hata wakiwa na joto la kutosha?"

Baba alifungua mlango wa gari, akafikiri. "Hilo sijui," alisema. "Na sijawahi kumsikia mtu akiliuliza mezani kwangu. Ingia, tukale."